Ufuo wa Bi Rukia

Juzi mmoja wenu, yule binti mrefu aliyeajiriwa afya ya jamii mwaka huu, alinikuta barazani kwangu Mkomani, hapa Amu, akaniuliza, "Bi Zena, katika vifaa vyote ulivyopewa kazini, kipi kilikufaa zaidi?" Alitaka nimwambie kipaza sauti, au kile kipima mionzi kinacholia tik tik. Nikamwambia kiti. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Si mzaha, mwanangu. Ingia nyumbani mwa mtu anayeogopwa, vuta kiti, ukae mpaka chai ipoe na wapita njia wakuone. Mihadhara yako yote haifiki nusu ya hapo.

Lakini sikumwambia yote. Kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote mikononi mwangu kilikuwa jozi ya glavu, na kazi yenyewe ilikuwa mbaya. Alipokwenda zake nilikaa nikijiona mwongo, ndipo nikaamua kuwaandikia. Kijiji sikitaji. Kiko kisiwa cha Pate, na kimeshatajwa vya kutosha na watu wasiokijua.

Nyinyi mkisikia ajali ya mionzi mnafikiria mitambo mikubwa ya ng'ambo inayolipuka kwenye televisheni. Ya kwetu haikulipuka wala haikutoa moshi. Huko bara palikuwa na kazi ya kuunga mabomba, na wapimaji wa kampuni moja walikuwa na chombo cha kupigia picha viungo vya chuma, kama eksirei ya hospitali inavyopiga mfupa. Ndani ya chombo kile mna kipande cha chuma kidogo kuliko kidole, chenye mionzi mikali. Siku moja kikachomoka, wao wasijue. Shee, kijana wa kile kijiji aliyekuwa kibarua pale, akakiona mchangani kinang'aa, kina mnyororo mdogo nyuma yake. Akakitia mfukoni, akampelekea mkewe.

Mkewe alikuwa Mwanaisha. Alikuwa fundi wa kofia za vito, zile zinazoshonwa miezi mpaka macho yanauma. Pwani pana upepo, kitambaa kinapeperuka, basi akakifanya kile chuma uzito wa kukandamizia kitambaa. Kikakaa ndani ya kapu la nyuzi, na kapu likakaa mapajani mwake kutwa, siku baada ya siku. Aliwaonyesha jirani zake, wakakisifu.

Kampuni ilipogundua imepoteza kitu, chifu akazunguka na picha yake. Shee akaitambua. Akaja mtaalamu kutoka Nairobi, Bwana Mutiso, kijana wa Ukambani mwenye miwani na koleo refu kama la muhunzi. Alikitoa kapuni, akakitia kwenye kasha la madini ya risasi, akalifunga. Hakumaliza muda wa kuchemsha chai. Kisha akaondoka mbio kurudi bara, kwani walikuwako vibarua wengine waliokishika. Shee alikatwa vidole vitatu, yu hai. Mwanaisha alikuwa tayari na kidonda pajani kama aliyemwagiwa mafuta ya moto. Alitapika, nywele zikatoka, fizi zikatoka damu. Tulimleta hospitali ya Amu, na asubuhi tuliyongoja ndege ya kumpeleka mbele, akafa.

Hapa ndipo pangu. Nisikilizeni vizuri.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Maiti wetu huzikwa siku ile ile, na boti ilikuwa imeshafungwa gatini. Nahodha akawa anapiga kelele kuwa maji yanatoka, na ule mlango wa bahari wa Mkanda maji yakishatoka haupitiki, utakaa na maiti juani mpaka yajae tena. Nilimpigia simu Mutiso. Hapatikani. Sikupiga mara ya pili. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini kazini na yeye alikuwa kijana wa kumzaa, na niliona aibu kumuuliza mbele ya wauguzi jambo ambalo mimi, Bi Zena, nilipaswa kulijua. Nilikuwa nimesomea maziko ya hatari. Tulifundishwa wakati wa korona: mfuko, dawa ya kupuliza, glavu, asioshe mtu, asikaribie mtu. Nikaichukua korona nikaivisha mionzi. Hakuna aliyeniamrisha. Ni kichwa changu mwenyewe.

Tulipofika kijijini, nyumba ilikuwa imeshatayarishwa. Mama yake Mwanaisha, Bi Rukia, alikuwa amechimba ufuo chumbani. Nyinyi wa nyumba za vigae huenda hamjauona: ni lile shimo refu linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea, yale maji ya maiti yaingie humo, yasitapakae. Alikuwa ameuchimba kwa mkono wake, kucha zimejaa udongo. Majani ya mkunazi yako ndani ya maji ya moto, kafuri imetwangwa, sanda imekatwa. Nami nikateremka nimevaa mavazi meupe ya plastiki, barakoa na glavu, mwanawe yumo kwenye mfuko wenye zipu.

Akanitazama, akaniambia kwa upole, "Bi Zena, ufuo umetimbwa. Mai yamepata moto. Ntolee mwanangu humo nimkoshe."

"Haiwezekani, Bi Rukia. Ana mionzi."

"Hiyo mionzi ni najisi?"

"Si najisi. Ni hatari."

"Basi ni hatari yangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

Nikamjibu, na wanawake wote walikuwa mlangoni wanasikia, "Hatari yako itakuwa ya kijiji kizima."

Yarabi toba. Nimesema maneno mengi katika kazi hii, mengine ya kipumbavu, lakini lile ndilo ninaloamka nalo. Ustadh wa msikiti alikuwa nje. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema nina hakika. Akasema dini ina wasaa, maji yakiwa na madhara kuna kutayamamu kwa udongo. Bi Rukia akaomba basi yeye ndiye amtayamamishe. Nikamkatalia na hilo. Nilifungua zipu mpaka kifuani, nikapiga udongo kwa glavu, nikampangusa Mwanaisha uso na mikono, nikafunga. Hata dakika mbili hazikutimia. Hata ule udongo haukumfikia kwa mkono wa mtu. Baada ya kuzika nilizivua glavu na yale mavazi nikayachoma pwani, na kijiji kizima kikasimama kuangalia moshi.

Mutiso alirudi siku ya tatu. Nilimpokea na ripoti yangu iliyonyooka, nimeiandika kwa kujisifu. Akaisoma, akavua miwani.

"Mama, nani aliwaambia msimwoshe?"

"Nilichukua tahadhari."

"Tahadhari ya nini? Kile chuma kilikuwa kimezibwa pande zote. Hakikuacha hata vumbi mwilini mwake."

"Lakini mionzi ndiyo iliyomuua."

"Ndiyo. Ilimuua, haikubaki ndani yake." Akasema kwa sauti ya chini, "Mngemwosha tu, mama. Kawaida."

Shikeni tofauti hii, nami nitawapa kwa lugha ya jikoni. Kuna moto na kuna masizi. Ukikaa karibu mno na moto utaungua, hata ufe, lakini ukiondolewa pale huendi na moto nyumbani kwako. Masizi ndiyo unayokwenda nayo. Yanakaa nguoni, unampaka na mwenzio. Ajali nyingine ni za masizi, na hapo glavu ni wajibu na maji yapimwe na kisima kifungwe. Ya kwetu ilikuwa ya moto, na moto wenyewe ulishaondoka ndani ya kasha. Kabla hujafungua mdomo mbele ya watu, uliza: hii ni ya moto au ya masizi? Piga simu mara kumi. Maji yakitoka, yatoke.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu kumweleza. Akanisikiliza, akasema, "Bi Zena, yaliyopita yamepita. Tukisema tulikosea, kesho nani atatuamini? Endelea kuelimisha." Nami nikalidaka neno lile, kwa sababu lilinifaa. Nikajipa na sababu yangu ya huruma: nikimwambia Bi Rukia kwamba mwanawe angeoshwa, nitamfufulia msiba. Atalia upya, na safari hii atalilia kitu ambacho kisingemdhuru mtu. Si bora asijue? Nilijiona mwenye moyo mzuri kabisa.

Basi nikaelimisha. Na nyinyi mnaopenda vichekesho, hapa mtacheka kidogo. Tuliletewa mabango ya fuvu na mifupa, wazee wakauliza kama kuna maharamia. Nikaleta kipima mionzi, nikakiwasha katikati ya mkutano ili waone pako salama. Kikalia tik tik, wanawake wakatimka, mmoja akaacha kiatu. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kile kidude hulia kidogo popote duniani, hata msikitini. Baadaye nikajifunza. Sikishiki mimi tena, nampa mtu wao akishike, kwanza nyumbani kwake, kisha sokoni, kisha Amu kwenye ofisi yetu ambako kililia zaidi kwa sababu ya mawe ya ukuta, na mwisho ndipo twende nyumba inayoogopwa. Mzee mmoja wa pale, Kombo, alikishika zamu yake akakataa kukirudisha mpaka akampime jirani yake waliyegombania naye mpaka wa shamba. "Huyu ana sumu miaka ishirini," akasema, "ila nilikuwa sina chombo."

Tulicheka, lakini kicheko hakikumfikia Bi Rukia. Alikuwa akipika mikate ya mofa, na kila asubuhi watoto walikuwa wakipanga mstari mlangoni kwake. Mstari ukaisha. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi Amina, aliyenyonyesha pamoja naye, ndiye wa kwanza kuacha kununua. Kofia alizoshona Mwanaisha zilirudishwa kutoka madukani Amu, kisha zikarudishwa za kijiji kizima. Shee alipotoka hospitali, msikitini watu walimwachia nafasi ya watu wawili kila upande.

Nikavuta kiti, kama nilivyomwambia yule binti. Nilikaa mlangoni kwa Bi Rukia mchana kweupe, nikala mofa yake kwa samli, nikanywa maji ya mtungi wake. Mnajua walisema nini? Walisema Bi Zena amepigwa sindano ya kinga ya kizungu, ndiyo maana anakula. Na walikuwa na haki, jamani! Waliniona siku ile kwa macho yao. Kama si hatari, zile glavu zilikuwa za nini? Nilitumia mwaka mzima kusema kwa mdomo kitu ambacho mikono yangu ilishakikanusha siku moja, na watu huamini mikono.

Siku niliyokatika maini ni siku ya hitima ya Mwanaisha ya kutimiza mwaka. Nilifika mapema. Bi Rukia alikuwa amepika wali wa watu wengi, na waliokuja walikuwa wachache, wamekaa ukumbini na vikombe vyao walivyokuja navyo kutoka makwao. Vikombe vyao, hebu fikirini! Nilimfuata chumbani akichota sukari, nikaona mkeka umetandikwa mahali pa ajabu, katikati ya njia, na umebonyea. Nikaufunua pembe. Ulikuwa ufuo. Mkavu, vile vile alivyouchimba.

"Mbona hukuufukia?" nikamuuliza.

"Ufuo hautimbwi ukafukiwa mtupu," akasema. "Nnangoja."

Hapo nikakaa chini kwenye udongo. Sikupanga maneno. Nikamwambia, "Bi Rukia, nilikosea. Mwanaisha hakuwa na kitu mwilini. Alifaa kuoshwa."

Akaendelea kuchota sukari mpaka bakuli likafurika, na haioni. Kisha akaiweka kata chini.

"Kwa hivyo mwanangu alikuwa maiti kama maiti."

"Kama maiti wote."

"Nami ningemkosha."

"Ungemwosha."

"Kwa mikono yangu hii."

"Kwa mikono yako."

Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga. Alikunja mkeka polepole, akautandika tena, akaulaza vizuri kwenye pembe. Akaniuliza nimelijua lini. Nikamwambia siku ya tatu. Akarudia, "Siku ya tatu," na nikaona uso wake unabadilika, na nikafahamu kuwa kosa la kwanza angeweza kulibeba. Lile la pili, la kujua nikanyamaza mwaka mzima nikila mofa yake, hilo lilikuwa jingine. Ile huruma yangu ilikuwa woga mtupu. Nimeishi na wagonjwa wa kila namna, sijaona macho kama yale.

"Toka," akasema. "Watu hao wapo ukumbini. Wambie na wao."

Nikatoka. Nikasimama mbele ya wanawake wale na vikombe vyao nikasema: zile glavu zilikuwa kosa langu, si hatari yake. Nilikuwa sijui, nikasema najua. Mkubwa wangu aliponisikia aliniandikia barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Bi Amina akainama asinitazame. Wengine waliamini, wengine la. Siku zile zile Shee alianza kupata majirani pembeni yake msikitini. Lakini mofa za Bi Rukia hazikurudi kuwa zile. Watoto walishazoea mlango mwingine. Hofu niliitia kwa neno moja, na kuitoa nimeshindwa mpaka nimestaafu.

Mwezi uliopita Shee alinipigia simu asubuhi. Bi Rukia amekufa, kwa uzee wake tu, na moyo. Ameacha wasia.

"Wasia wa nini?"

"Kwamba umkoshe wewe. Juu ya ufuo ule. Na usivae glavu."

Magoti yangu hayapendi boti tena, lakini nilifika. Kuosha nakujua, marehemu mama yangu alikuwa mwosha, na kazi ile nilimsaidia tangu nikiwa mwari. Nyumba ilikuwa na wanawake wengi kuliko siku ya hitima, ila walikuwa uani, wote, wamesimama nyuma ya leso zilizotungikwa mlangoni. Chumbani nilikuwa peke yangu na Bi Rukia. Mkeka ulikuwa umekunjwa ukutani. Kuta za ufuo zilikuwa zimebomoka kidogo, nikazinyoosha kwa mkono. Alipokuwa hai alikuwa na sauti ndogo. Maiti alikuwa mwepesi vile vile.

Nikasema kwa sauti, "Nipeni maji."

Nilisikia mtu anakohoa, na mwingine anamsukuma mwenzie. Nikarudia. Nilifikiri basi, nitatoka nikayateke mwenyewe kisimani, na maiti atabaki peke yake. Ndipo leso ikasogea, ndoo ikaingia, na nyuma ya ndoo akaingia Bi Amina. Alikuwa amekunja mikono ya nguo mpaka kwenye kiwiko. Hakunisalimu. Alishika kata akauliza, "Unaanza wapi?"

"Kulia," nikamwambia. "Mimina polepole."

Tukaanza upande wa kulia, viungo vya udhu kwanza. Maji ya mkunazi, kisha maji matupu, mwisho ya kafuri. Alikuwa na nywele nyingi nyeupe, tukazisuka mikia mitatu tukazilaza nyuma, na Bi Amina akaanza kulia kwenye mkia wa pili, kwa kuwa Mwanaisha hakuwa na nywele. Maji yalishuka kwenye ufuo na ule udongo uliokaa mkavu miaka yote ukayanywa. Ilitubidi tungojee muda mrefu ndipo yakaanza kusimama. Wale wa nje hawakuingia.

Walipokwishamchukua wanaume kwenda kumzika, nilipiga magoti nikaufukia ufuo. Bi Amina alitaka kuleta jembe, nikamwambia aache.

Yule binti mrefu nikimsimulia haya ataniuliza tu, najua, kama Bi Rukia alinisamehe. Nilimuuliza Shee pale pale mlangoni, aukariri wasia neno kwa neno, mara mbili. Neno hilo halimo. Ulisema nimkoshe, na nimemkosha.